Mtwara nyumba nilipata kwa kijana wa mkokoteni wa maji, si kwa dalali

Uhamisho wangu wa kuja Mtwara ulipotoka, kila mtu kazini aligeuka mtaalamu wa Kusini. Mmoja aliyewahi kulala hapa usiku mmoja akisubiri basi la alfajiri aliniapia kwamba mtu anayejiheshimu anakaa Shangani, nukta. Mwingine akanitumia namba ya dalali, "mtu wangu huyo, mwambie nimekutuma mimi." Wa tatu akanishauri nibebe mchele na unga kutoka Singida, eti kule wanakula mihogo tu. Wote nawasalimu. Sikai Shangani, dalali hajala hata senti ya kodi yangu, na sketi nilizokuja nazo nimemtumia mdogo wangu kwa sababu hazifungi tena.

Shangani ni pazuri, sibishi. Bahari iko pale, miti mikubwa, barabara pana, viwanja ambavyo ungeweza kujenga nyumba tatu na ukabaki na bustani. Lakini mtu ajue kwa nini iko vile. Mji huu ulipangwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa ule mpango wao wa kulima karanga kule Nachingwea. Mikindani maji yake mafupi kwa meli kubwa, wakaja kujenga bandari ya kina kirefu huku, na reli pia. Karanga zilikataa, reli ikang'olewa, Shangani ikabaki na viwanja vyake vya maofisa. Afisa wa zama zile alikuwa na gari na mpishi. Mimi nina ndala na jiko la mkaa. Kutoka nyumba ya kwanza niliyoonyeshwa kule mpaka kwa mama muuza vitumbua ilikuwa safari ya bajaji, na kitumbua cha nauli mimi sijakizoea.

Halafu bei. Wenye nyumba wengi wa upande ule akili yao bado iko kwenye gesi. Ile miaka ya mwanzoni mwa 2010, wataalamu wa mafuta na gesi walipomiminika, kodi ilikuwa inatajwa kwa dola. Bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015, wageni wengi wakafunga mabegi, lakini ile bei haikuondoka nao. Kuna mzee mmoja alinitajia laki tano kwa nyumba yenye popo darini. Nilipomwuliza popo wanalipa ngapi, hakucheka.

Sasa dalali. Huyu lazima nimsimulie vizuri kwa sababu ana kipaji.

Alikuja na bodaboda, shati limenyooka, simu mbili. Elfu kumi ya kutembezwa, na ya mafuta juu yake, kabla hatujaondoka hapo gesti. Njiani anapiga kelele kwenye upepo: "Dada, hii ninayokupeleka sasa, maji saa ishirini na nne! Na mwenyewe mstaarabu, Alhaji kabisa!" Tukafika. Nyumba imepakwa rangi juzi, unaisikia harufu. Vyumba viwili, sebule, choo ndani. Akaenda moja kwa moja jikoni, akafungua bomba kama mchezaji wa kiinimacho anayefunua kofia. Maji yakatoka! Akanitazama. Mimi nikayatazama maji. Yakaendelea kidogo, yakapiga chafya, yakawa uzi, yakakata.

"Pampu tu hiyo," akasema.

Nikatoka nyuma. Kuna simtanki dogo juu ya mnara wa matofali, ngazi ya miti bado imeegemea, na vidato vyake vimelowa mpaka chini. Pembeni amekaa kijana na ndoo mbili, anahema, fulana imemganda mgongoni.

"Mdogo wangu, unafanya nini huku?"

"Nasubiri mmalize dada, niondoe ngazi."

Hakuwa na habari kwamba ni siri. Dalali alimwangalia kwa jicho ambalo sitalisahau. Lakini aibu hana, akanipakia tena tukaenda nyingine, Magomeni. Hiyo maji yapo kweli, nusu kodi ya Shangani. Nikauliza Luku. Moja, wapangaji wanne, "mnachangiana tu kiungwana." Wakati anasema uungwana, chumba cha nne kikatoa cheche za bluu dirishani. Fundi wa kuchomelea mageti. Anafanyia kazi nyumbani. Nilishuka kwenye bodaboda ya huyo kaka jioni ile na sikumpigia tena. Yeye ananipigia mpaka leo.

Jioni hizo nilikuwa nakula karibu na gesti, kwa mama mmoja mwenye mbaazi za nazi ambazo ukizimalizia na chapati huna haja ya kuongea na mtu. Mbele ya kibanda chake kuna baraza, na saa za baada ya magharibi muuza kahawa anaweka birika lake juu ya makaa, vikombe vyake vidogo anavigonganisha, wazee wanajaa. Kahawa mia mbili, kashata ya karanga hivyo hivyo. Kahawa yenyewe, aliniambia, ni ya Mbinga, inashuka na malori ya barabara ya Songea na Tunduru. Mjini kuna mahali wana mashine inayonguruma na kikombe ni elfu nne, viti laini, intaneti. Nilikwenda. Kahawa nzuri, feni nzuri, ila kila mteja kainamia simu yake. Pale utapata povu la maziwa, habari ya nyumba hupati.

Kijiweni wanakaa wanaume, kwa hiyo mimi nilisogea na chupa ya chai nijaziwe niondoke. Mzee mwenye kofia ya kiua akanizuia: "Mwanangu, kahawa ya kubeba haina habari. Sogea, kaa." Akawasukuma wenzake, nikapata ncha ya benchi. Nikawaamkia mmoja mmoja, maana huku ukiruka mtu umejiharibia. Wakamaliza bei ya mnada wa korosho, wakaingia Simba na Yanga, na walipochoka nikatupa swali langu: natafuta nyumba yenye maji.

Kosa lao wazee ni upendo. Kila mmoja ana nyumba ya mpwa wake, na ya kila mpwa ina maji. Nilikuwa nakaribia kuaga pale kijana mmoja alipoegesha mkokoteni wake wa madumu, akaomba kahawa ya mkopo. Nikamlipia, na hapo akili ikanijia.

"Kaka, maji unauza sana mitaa gani?"

Alifurahi kuulizwa. Akanitajia kwa fahari, mtaa kwa mtaa, mpaka rangi za mageti: pale kwa mwalimu madumu sita kwa siku, pale kwenye zile apatimenti mpya wiki nzima hawatoki kwake, ile nyumba ya Alhaji yenye simtanki ndio kabisa! Mimi naandika kwenye simu. Akasita, akaniuliza kama nataka kuanzisha biashara ya maji. Wazee wakacheka. Nikamwambia hapana, naandika nyumba za kutokwenda.

"Sasa niambie, wapi hawakuiti kabisa?"

Alikunja uso kama mtu aliyekumbushwa deni. "Kwa Bibi yule wa Chikongola. Pale hakuna riziki. Tangu nianze kusukuma hili toroli hajachukua hata dumu, na wapangaji wake pia."

Kesho yake kabla ya kazi nilikuwa mlangoni kwa Bibi. Nilikuwa na kipande cha sabuni ya mche kwenye pochi, na hiki ni kitu cha kutembea nacho huku pwani: omba kunawa mikono. Sabuni isipotoa povu, hayo ni ya kisima cha chumvi, utafua nguo mpaka zichakae na zisitakate. Ya Bibi yalitoa povu hadi kwenye kiwiko. Kisima kitamu, na bomba la mtaa likija ni nyongeza.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Dalali wako yuko wapi?"

"Sina dalali, Bibi."

"Haya, kaa sasa tuzungumze."

Ile kodi ya mwezi mmoja ambayo dalali angelamba, tuliigawana mimi na yeye. Alitaka miezi sita, tukafika mitatu, kwa makubaliano kwamba sabumita, yaani mita yangu ndogo ya umeme, naweka mwenyewe na gharama inakatwa kwenye kodi. Chumba, sebule, choo changu, kwa mwezi ni laki na kitu, sitaji zaidi maana wenzangu wa uani wanasoma. Madirisha yanatazama unakotoka upepo wa kusi, kuanzia Mei feni nazima.

Uani kuna mkorosho mkubwa, na hapa niseme kwa wanaokuja: mabibo yakiiva usianike shati jeupe chini yake. Utomvu ule ukikauka unakuwa doa la kahawia, hata ulichemshe. Na msimu wenyewe, yaani Oktoba mpaka Desemba au zaidi, usije kutafuta nyumba. Hela ya korosho imeingia, wanunuzi wamejaa gesti, mafundi hawashikiki, na mwenye nyumba aliyekuwa mpole Mei anakuwa mtu mwingine. Njoo baada ya mvua.

Barabara kubwa zinazoelekea bandarini zipite tu. Makaa ya mawe ya Ngaka, kule Ruvuma, yanashuka kwa malori usiku na mchana. Pitisha kidole kwenye nyavu ya dirisha kabla hujauliza bei. Kikitoka cheusi, aga kwa adabu.

Kuhusu mihogo tu: ndiyo, mihogo ipo, na ugali wake na samaki wa Feri aliyeungwa nazi ndio uliomaliza sketi zangu. Ming'oko je? Ile mizizi ya porini, myembamba, wanachemsha na kuuza kwa mafungu kwenye sinia. Unashika ncha, unamenya ganda kwa meno, chumvi na pilipili, unatembea. Bibi ananitunzia fungu langu nikichelewa kazini. Mchele niliobeba kutoka Singida niliupikia pilau ya kuingia nyumba, wapangaji wote walikula, hakuna aliyeuliza umetoka wapi.

Gesi ya kupikia, kwa anayejiuliza, hainunuliwi rahisi kwa kuwa tuko Mtwara. Ile inayochimbwa hapa Mnazi Bay sehemu kubwa inakwenda kwenye mitambo ya umeme na bombani, ya mtungi inatoka nje ya nchi kama kwenu. Mimi nimebaki na mkaa wangu.

Yule kijana nilimfuata kijiweni nikampa elfu kumi. Aliigeuza geuza, akapiga hesabu: "Dada, hii ni hela ya madumu ishirini ambayo hutanunua." Kisha akataka kujua kama kazini kwetu kuna mwingine anayehamia huku. Yupo, anafika mwezi ujao kutoka Tabora, na tayari kuna mtu kampa namba ya dalali.