Kumbukumbu ya mradi: chakula kibichi cha mbwa wangu, Dodoma

Februari

Nina mbwa wawili, Jasiri mwenye kilo 28 na Tabu mwenye kilo 18. Jasiri ni chotara mwenye damu ya German Shepherd, Tabu ni jike wa kienyeji kabisa. Wote wameshamaliza kukua, na nisingeanza mradi huu wangekuwa bado wadogo, kwa sababu mtoto wa mbwa akipungukiwa kalsiamu mifupa yake huharibika angali anakua.

Ninawahamisha kutoka dona na dagaa kwenda nyama mbichi, mifupa mibichi na viungo vya ndani. Ulishaji wa namna hii ulipata umaarufu baada ya Ian Billinghurst, daktari wa mifugo wa Australia, kuuandikia kitabu mwaka 1993. Wafugaji waliofuata wakaja na kanuni ya mafungu: asilimia 80 nyama, 10 mfupa, 5 ini, 5 viungo vingine kama figo, bandama na kongosho. Moyo na mapafu vinahesabiwa upande wa nyama. Wapo wanaoupinga. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2012 wa kutoshauri kulisha mbwa nyama mbichi, kwa sababu ya vimelea na bakteria. Hoja yao naichukua kwa uzito, na sehemu kubwa ya kazi yangu itakuwa kuijibu kwa vitendo.

Mbwa mzima hula asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku. Kwa asilimia 2.5, wangu wanakula kilo 1 na gramu 150 kwa siku, yaani kama kilo 8 kwa wiki. Humo ndani ini ni gramu 400, figo na bandama gramu 400, mfupa gramu 800, na inayobaki ni nyama. Karatasi yenye namba hizo nimeibandika kwenye mlango wa jiko.

Machi

Nyama haisumbui. Dodoma ni mji wa ng'ombe na mbuzi, na mwenye hela hakosi steki. Kinachosumbua ni viungo vya ndani, kwa sababu hivyo navyo vina wenyewe: maini yananunuliwa asubuhi na mapema, figo zinakwenda kwa wenye supu. Sikutaka kuwa mtu wa kupandisha bei ya maini ya mama anayempikia mtoto wake. Nikaanza kuulizia visivyogombewa: bandama, mapafu, nyama ya mashavu.

Pale Majengo kuna mzee mwenye bucha ambaye nilikuwa mteja wake hata kabla ya haya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nikukatie ya supu?"

"Leo nataka bandama na mapafu, mzee. Nawapelekea mbwa."

Akanyamaza kidogo. "Basi uje na ndoo yako. Na kisu chako ukatie kwako. Hapa nawauzia watu, na wengi ni Waislamu wenzangu."

Ni haki yake, na ni haki ya wateja wake. Nilinunua ndoo yenye mfuniko, naifikisha safi, ananitilia bila chombo chake kugusa changu, na kila kitu nakatia nyumbani. Kwa yeyote anayetaka kuanza hapa mjini, hili ni la kwanza kabla ya hesabu zote. Mwambie mwenye bucha ukweli kwamba ni ya mbwa, na uheshimu masharti yake. Toka siku hiyo ananiwekea bandama, tena ananipigia simu ikiwepo.

Machi, mwishoni

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote.

Nyama iliyopita machinjioni hugongwa muhuri baada ya mkaguzi kuiangalia. Lakini muhuri unagongwa kwenye mwili wa mnyama. Bandama iliyo kwenye beseni haina muhuri, pafu halina, ini halina. Ukikuta viungo vimekusanywa sehemu moja huwezi kujua kipi ni cha mnyama yupi, wala kama mnyama huyo alikaguliwa. Na kwa mbwa, viungo ndivyo vyenye hatari kuliko mnofu.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni tegu mdogo anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Kondoo, mbuzi na ng'ombe hupata vifuko vyenye maji kwenye mapafu na maini. Mbwa akila kifuko hicho kikiwa kibichi, tegu wanakua tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na mtu akiyameza vifuko vile vile vinaota kwenye ini au pafu la binadamu. Mbwa mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Anayeumia ni mtoto anayecheza naye uani. Ugonjwa huu unajulikana sana kwenye jamii za wafugaji za Afrika Mashariki, Waturkana wa Kenya wakiwemo, na sisi wa mikoa ya kati tunachinja mifugo ile ile.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Ninanunua viungo vikiwa bado vimeshikana: koromeo, mapafu, moyo na ini kwa pamoja, vya mnyama ambaye mwili wake unaning'inia pale pale na muhuri wake nauona. Nyumbani nakata pafu na ini vipande vyembamba, napapasa kila kipande. Nikikuta kifuko au sehemu ngumu yenye usaha, mapafu na maini yote yanachomwa moto, hayatupwi jalalani ambako mbwa wa mtaani watayafukua. Halafu mbwa wangu wanapewa dawa ya tegu, prazikwanteli, kila baada ya wiki sita, kwa kipimo cha daktari wa mifugo kulingana na uzito.

Koromeo nalo lina jambo lake. Kwenye shingo ya ng'ombe kuna tezi ya thairoidi, na mbwa anayelishwa makoo yenye tezi hiyo mara kwa mara anaweza kupata homoni nyingi kupita kiasi, akakonda na moyo ukaenda mbio. Naiondoa tezi, na bado koromeo silipi nafasi kubwa.

Nyama ya kibudu siigusi hata nikipewa bure. Mnyama aliyekufa mwenyewe anaweza kuwa na kimeta. Na wenyeji wa Dodoma tunaikumbuka homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007, ambapo mkoa wetu ulikuwa kati ya iliyoumia zaidi nchini, na watu waliambukizwa kwa kuchinja na kushika nyama na damu ya mifugo iliyougua. Anayekatakata nyama ya mbwa ni mimi, kwa mikono yangu. Machinjio rasmi kama ya Kizota, hapa mjini, yapo kwa sababu hiyo.

Nguruwe nimemwacha kabisa. Kongwa na maeneo ya jirani yana tatizo la tegu wa nguruwe, na kuna vyanzo vingine vya kutosha.

Mei

Mfupa umepatikana kwa urahisi. Wanaochinja kuku wa kisasa wanauza miguu, shingo na vichwa kwa bei ndogo. Mguu wa kuku una kama asilimia 60 mfupa, kwa hiyo gramu 800 za mfupa kwa wiki ni kama kilo 1 na gramu 350 za miguu. Shingo ina mfupa mchache zaidi lakini ina nyama, na Tabu anaipenda kuliko kitu chochote.

Mfupa wa paja la ng'ombe siwapi. Ni mgumu, unavunja meno. Na mifupa ya nyama choma ndiyo kabisa. Jumamosi mnadani Msalato utaona watu wanafunga mabaki kwenye mfuko wampelekee mbwa nyumbani, na wanafanya hivyo kwa mapenzi. Ila mfupa uliopita kwenye moto hukauka na kupasuka kwa ncha kali, unaweza kutoboa utumbo. Mbichi huo huo hutafunika.

Wiki ambayo miguu haipatikani natumia maganda ya mayai: nayaosha, nayakausha, nayasaga yawe unga laini. Kijiko kimoja cha chai, kama gramu 5, kina karibu gramu 2 za kalsiamu, na hicho kinatosha kilo moja ya nyama isiyo na mfupa. Kinyesi ndicho kinanipa majibu. Kikiwa cheupe na kikavu kama chokaa, mfupa umezidi. Kikiwa cheusi na laini, bandama au ini limezidi.

Juni

Nimepata friza iliyotumika. Viungo vyote vinakaa humo wiki nzima au zaidi, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, ndipo vinatolewa. Nimeweka kipimajoto ndani, maana kitufe cha mlangoni hakikuambii ukweli. Baridi ya namna hiyo inaua vimelea wengi lakini haiui salmonela, bakteria ya kuharisha, inailaza tu. Kwa hiyo sabuni, jiki, ubao wa pekee, bakuli za pekee, na watoto hawaingii jikoni wakati nakata.

Umeme ukikatika sifungui mlango. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48, iliyo nusu kama saa 24. Palipo na nafasi nimejazia chupa za maji yaliyoganda.

Agosti

Zabibu zimeiva. Huku kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu huu kila genge lina ndoo. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kiasi unachoweza kusema ni salama. Jirani yangu ana shamba Mbabala, na mbwa wake huokota zinazoanguka. Nilimweleza, akaanza kumfunga mbwa wakati wa mavuno. Vitunguu vyote pia havifai, vinaharibu damu.

Oktoba

Mvua yetu ni moja, Desemba hadi Aprili, na sasa malisho yamekwisha. Nyama inayofika buchani haina mafuta kabisa. Uzito kwenye mizani ni ule ule, nguvu haimo, na mbavu za Jasiri zimeanza kuonekana. Nimeongeza kiasi hadi asilimia 3, na nanunua mkia wa kondoo wetu wa kienyeji, ule mnene, nakata vipande vidogo. Naanza kidogo sana, kwa sababu mafuta mengi kwa ghafla yanaweza kuwasha kongosho la mbwa.

Kwa vitamini E natumia mafuta ya alizeti ya kukamua, kijiko kidogo. Samaki ni perege wa bwawa la Mtera, ninayemchemsha na kumtoa miba kwa kuwa miba yake ni mikali.

Kilichobaki sasa ni madini ya zinki na iodini, ambayo kanuni ya mafungu haiyahakikishi. Nimeandika kila kinacholiwa kwa mwezi mzima, gramu kwa gramu, na karatasi hiyo naipeleka kwa daktari wa mifugo pamoja na mbwa wote wawili, kupima damu na kuchanja kichaa cha mbwa ambacho tarehe yake imekaribia. Mzee wa bucha amesema wiki ijayo atakuwa na kongosho, ambalo sijawahi kulipata hadi leo. Ndoo nimeshaiosha.