Mjomba na Ngome ya St. Augustine

Mjomba alikuja Jacksonville, Florida, mwaka 2018 kumwona mtoto, si kutembea. Mama miguu ilikuwa imemkatalia safari, basi akaja ndugu yake badala yake, na sanduku lililojaa achari, ubuyu na leso jozi sita. Wiki ya kwanza alimbeba mtoto. Wiki ya pili nilimkuta amekaa roshanini anatazama maegesho ya magari, mikono magotini, kama mtu aliyeahidiwa bahari akaletewa lami.

Mjomba amekuwa fundi wa mawe na chokaa Mombasa tangu ujana wake. Nyumba za Mji wa Kale alizozirekebisha hazihesabiki, na Lamu pia ameacha kuta zake. Mtu kama huyo humpeleki kwenye duka kubwa la nguo. Jumamosi nikamwachia mume wangu mtoto, nikamwambia Mjomba avae viatu, twende St. Augustine, maili 40 hivi kusini.

"Kuna nini huko?"

"Mji wa kale, Mjomba."

"Wa kale wa Marekani?" Akacheka. "Una miaka mingapi, hamsini?"

Nilimwambia ulianzishwa na Wahispania mwaka 1565. Akanyamaza mpaka tukavuka madaraja mawili.

Mtaa wa St. George haukumshangaza. Aiskrimu, fulana za maharamia, farasi wanaovuta wageni, joto la Julai linalokubandika nguo mgongoni. Roshani za mbao zilizochomoza juu ya njia zilimfanya asimame kidogo, akasema zafanana na za Ndia Kuu kule Mombasa, kisha akasogea karibu na ukuta mmoja akauangalia kwa pembe ya jicho. "Nyingi za hizi zimejengwa juzi," akasema. Nilitaka kubisha, lakini alikuwa amesema kweli. Mwaka 1702 Waingereza kutoka Carolina waliuzingira mji huo na kuuteketeza, na nyumba nyingi za mtaa ule ni za kujengwa upya katika karne iliyopita.

Kilichosalia katika moto ule ni ngome, Castillo de San Marcos. Wahispania walikuwa wamejenga ngome tisa za mbao, moja baada ya nyingine, kabla ya kuanza hii ya mawe mwaka 1672, wakaimaliza 1695. Tulipotokeza uwanjani, Mjomba aliacha kutembea. Pembe nne zilizochongoka, handaki, vibanda vya mlinzi vilivyoning'inia kwenye ncha, na maji ya hori nyuma yake.

"Hii ni Ngome," akasema. Kwa Mombasa, neno hilo likitamkwa hivyo lina maana moja tu: Fort Jesus.

Sikumwambia hapo hapo, nilisubiri tuingie ndani kwenye kivuli. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 na Wareno, hilo kila mtoto wa Mombasa analijua. Nilichokuwa nimekisoma usiku uliotangulia, mtoto akinyonya, ni kwamba tangu 1580 Ureno ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania, Felipe wa Pili, na ni huyo huyo ambaye mtumishi wake Pedro Menéndez de Avilés alikuja kuanzisha St. Augustine. Mfalme mmoja, pwani mbili.

"Mfalme mwenyewe alipata kufika Mombasa?" Mjomba akauliza.

"Hakufika. Wala huku."

"Ehe." Akageukia ukuta.

Hapo nikampoteza kwa nusu saa. Jiwe lile wanaliita coquina. Ukilitazama kwa karibu si jiwe, ni makombe madogo madogo, mengine mazima, upana wa ukucha, yameshikana kama kashata. Lilichimbwa kisiwani ng'ambo ya pili, likavushwa kwa mashua. Mjomba aliinama hadi pua ikakaribia kugusa. Akatoa kidole, akakwaruza kwa ukucha.

Askari wa hifadhi akaja haraka, kwa adabu lakini haraka, akaomba tusiguse. Nikaona aibu. Mjomba hakuona.

"Mwambie mimi ni fundi. Muulize, hili likitoka ardhini si laini? Si lazima waliache likauke kwanza?"

Nikatafsiri. Yule askari akavua kofia. Ndivyo, akasema, lilipochimbwa lilikuwa laini, likaachwa likaukie hewani ndipo wajenge. Na ulaini uliobaki ndani yake ndio uliowaokoa. Mwaka ule wa 1702 watu wapatao 1,500 walijifungia humo karibu siku 50, na risasi za mizinga zilipopiga, ukuta haukupasuka. Ulizimeza tu.

"Na chokaa?"

Ya chaza, wakichoma makombe yake.

"Sisi twachoma matumbawe," Mjomba akasema, kama anayelinganisha mapishi na jirani. "Na lipu iko wapi? Ukuta wa namna hii hauachwi uchi, wanywa maji."

Askari akanitazama kuhakikisha nimetafsiri sawasawa. Zamani ngome yote ilipakwa lipu nyeupe, akasema, na vibanda vya pembeni vikapakwa rangi nyekundu. Akatuonyesha mahali vipande vyake bado vimeshika. Mjomba alitikisa kichwa kwa uchungu wa fundi anayeona kazi ya mwenzake imeachwa kuharibika.

Mvua ikatukuta juu ya ngome, ile ya alasiri ya Florida inayomwagwa kama ndoo. Ilipokata tukapanda gari, na nikaomba tupite mahali pamoja zaidi, maili mbili kaskazini. Fort Mose. Mwaka 1738 gavana Manuel de Montiano aliwapa makazi hapo Waafrika waliotoroka utumwa katika makoloni ya Waingereza, kwa sharti wawe Wakatoliki na wailinde njia ya kaskazini. Kapteni wao aliitwa Francisco Menéndez.

Hapakuwa na ukuta wa kukwaruza. Njia ya mbao, nyasi za maji ya chumvi, tope, na kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakiingia mashimoni. Mjomba alisoma picha za ubao, mimi nikamsomea maneno. Nikafika penye neno Mandinga, jina la kabila la Afrika Magharibi.

"Huyo kapteni? Mandinga?" Akafikiri. "Wamandinga si wengi wao ni Waislamu?"

"Hapa hapajaandikwa, Mjomba."

"Na walikwenda wapi?"

Mwaka 1763 Hispania iliwaachia Waingereza Florida, na watu wa Fort Mose wakapanda merikebu kwenda Cuba, kuanza upya.

Akaangalia jua, akaangalia saa, akauliza kibla. Simu ikaonyesha kaskazini mashariki, juu ya nyasi. Hatukuwa na mswala. Nikatoa kwenye buti taulo la mtoto lenye picha ya papa anayecheka, nikalitandika kwenye mbao zenye unyevu, yeye akaligeuza papa akae chini. Akaswali alasiri. Mimi nilisimama kando nikiwafukuza mbu.

Alipotoa salamu alibaki amekaa kitambo, kidole kikisugua mchanga mweupe uliokuwa bado chini ya ukucha.

"Twende, mamangu," akasema. "Mtoto atakuwa analia."