Biskuti Zifike Nzima: Namna ya Kufunga Zawadi za Kuokwa kwa Safari

Biskuti nyingi zinazofika zikiwa makombo ziliponzwa na nafasi tupu ndani ya boksi. Njiani kifurushi hupinduliwa, hulaliwa na mizigo mizito na kutetemeka garini kwa saa nyingi, na mahali popote palipoachwa wazi, hata upana wa kidole, biskuti zitapata pa kugongania. Ndiyo maana kabla ya kufunga mfuniko mimi hujiuliza swali moja tu: kuna kitu kinachocheza humu?

Kazi yenyewe huanza kwenye kuchagua cha kuoka. Biskuti ya siagi yenye unene wa sentimita 1 hivi huvumilia safari vizuri. Zile nyembamba, au zenye umbo la nyota na ncha zilizochomoza, humeguka kwenye ncha kwanza. Keki ya matunda, keki za kuokewa kwenye chombo cha mkate, na biskuti kavu zilizookwa mara mbili ni wasafiri wazuri sana. Chochote chenye krimu mbichi, kastadi au jibini laini kiache nyumbani, maana bila ubaridi hakitakuwa salama kuliwa hata kama kitafika kizima. Chokoleti ya kupaka juu nayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, kisha ikiganda upya hutoa utando mweupe. Utando huo haudhuru, ila zawadi huonekana ya zamani. Afadhali chokoleti iingie ndani ya kinyunga.

Usifunge kitu chenye joto. Mvuke ukikosa pa kutokea hugeuka matone ndani ya plastiki. Biskuti hulegea, na keki huota ukungu mapema. Poza kwenye wavu ili hewa ipite chini, kisha gusa sehemu ya katikati upande wa chini, kwa sababu hapo ndipo joto hujificha. Biskuti hutosheka na saa 1. Keki nzima ipe saa kadhaa, au ilaze hadi asubuhi. Aisingi ya ute wa yai, yaani pambo la sukari la juu, huhitaji saa 8 hadi 24 kukauka kabisa. Juu inaweza kuwa kavu huku ndani bado ni laini, na hapo ndipo michoro huparuzana.

Kavu na laini visikae mkebe mmoja. Keki ina unyevu, biskuti kavu huunyonya, na baada ya siku mbili biskuti imelegea na keki imekauka. Harufu nayo huhama: siagi huidaka upesi, kwa hiyo biskuti za mnanaa au tangawizi zikikaa na za vanila, zote zitakuwa na ladha moja.

Sasa kufunga. Chukua biskuti mbili, zigeuze migongo itazamane, uzizungushie plastiki nyembamba ya kufungia chakula kwa kuikaza. Tandika karatasi ya kuokea iliyokunjwakunjwa chini ya mkebe, kina cha sentimita 2 hivi. Biskuti za duara zisimamishe kwa ukingo, zimebanana kama vitabu kwenye rafu. Ikilala, biskuti hubeba uzito wa za juu na kupasuka katikati. Ikisimama ina nguvu zaidi. Kama una aina mbili za biskuti kavu, nzito ziende chini na karatasi itenganishe tabaka. Jaza pembeni, jaza juu hadi mfuniko ukandamize kidogo, halafu tikisa mkebe karibu na sikio. Ukisikia chochote, fungua uongeze karatasi.

Keki za bapa, zile za kuokwa kwenye trei na kukatwa vipande, usizikate. Mpokeaji atakata mwenyewe. Kingo zilizokatwa hukauka na kumomonyoka njiani. Funga kipande kizima kwa plastiki mara mbili, kisha foili, na kama kiliokewa kwenye chombo cha foili kiache humo humo. Ukiigandisha keki kwanza ni rahisi kuishika, lakini iyeyuke ikiwa bado imefungwa na kabla ya kuingia boksini: matone yatashika nje ya plastiki, uyafute, vinginevyo yatalowesha boksi.

Mkebe huingia ndani ya boksi gumu, ukibakiwa na sentimita 5 za kinga kila upande, juu na chini pia. Plastiki ya vipovu ni nzuri; gazeti lililofinyangwa linafaa pia mradi lisiguse chakula. Bisi za kujazia nafasi siziungi mkono: husagika, hutoa mafuta na huita wadudu. Boksi lililokwisha kusafiri mara nyingi pembe zake zimelegea, hata likionekana zima. Pitisha selotepu pana kwenye mshono wa kati na mishono miwili ya kandokando, juu na chini.

Ndani weka karatasi yenye anwani, tarehe ya kuoka na viambato, hasa ngano, mayai, maziwa, karanga na ufuta. Tuma mwanzoni mwa wiki ili kifurushi kisilale ghalani wikendi. Kama kinavuka mpaka, soma kwanza masharti ya forodha ya nchi kinakokwenda. Kibandiko cha kuomba uangalifu kibandike, ila funga kana kwamba hakuna atakayekisoma.

Kama unatuma vifurushi vingi, kimoja kifanye cha majaribio. Kiangushe kutoka kimo cha kiuno: mara moja kwa ubapa, mara moja kwa ubavu, mara moja kwa pembe. Kisha kifungue. Kingo zikiwa zimemeguka, ongeza kinga pembeni. Nyufa za katikati ni dalili ya uzito uliokaa juu, na vumbi la makombo chini ya mkebe ni dalili kwamba bado kuna kitu kilikuwa kinacheza.