"Nimezoea," alisema baba

Jana jioni nilimwambia baba, "Wageni wamefika." Akanitazama kidogo, kisha akauliza, "Wameshika nini?"

Si mara ya kwanza. Sauti yangu anaisikia vizuri, maneno ndiyo yanayompotea. F, s, sh ni sauti nyembamba za juu, na hizo ndizo zilizotangulia kumtoka. Irabu zimebaki, kwa hiyo neno linamfikia likiwa na nyama bila mifupa. Ndiyo maana nikipaza sauti simsaidii sana: ninachomwongezea ni irabu tu.

Baba alikuwa seremala. Nilipokuwa mdogo nilimpelekea chakula karakanani, nikasimama mlangoni nimeziba masikio kwa vidole mpaka msumeno wa umeme unyamaze. Yeye alitabasamu. "Mimi nimezoea," alisema.

Usiku nimelala nikiligeuzageuza neno hilo. Kiganja cha seremala huota sugu, lakini sikio haliwezi. Ndani yake kabisa, kwenye koklea iliyojikunja kama nyumba ya konokono, mna seli kama 15,000 zenye vinyweleo vinavyotikiswa na sauti. Kelele kubwa huvilaza. Ikiwa bahati ipo, vinasimama tena. Kelele ikizidi au ikirudiwa siku baada ya siku, seli zenyewe hufa. Ndege huotesha nyingine, sisi binadamu hatuoteshi. Basi baba aliposema msumeno haumsumbui tena, msumeno ulikuwa uleule. Kilichokuwa kimepungua ni sikio lake.

Na hesabu yake ni kali kuliko nilivyodhani. Wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani wanapendekeza usizidi saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85. Kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu, na muda unakatwa nusu: kwenye 88, saa 4; kwenye 91, saa 2. Zikifika 100, robo saa tu. Msumeno wa mviringo huzipita 100. Baba alisimama nao kutwa, kwa miaka zaidi ya 30.

Mimi si seremala, lakini nimepimwa masikio. Waliniketisha kwenye kibanda kimya, hedifoni kichwani, kitufe mkononi, ukimya wa humo ndani hadi nikasikia moyo wangu. Mstari wa matokeo kwenye karatasi ulikwenda sawa, kisha ukatumbukia kwenye sauti za mitetemo 4,000 kwa sekunde na kupanda tena. Uzee huanza kula kutoka sauti za juu kabisa na kushuka taratibu. Shimo la hapo kwenye 4,000 mara nyingi ni la kelele, na sababu mojawapo ni kwamba tundu la sikio lenyewe huzikuza sauti za karibu na hapo. Nilijua nimelichimba na nini. Miaka mingi nimesafiri na muziki masikioni, nikiupandisha ili uishinde injini.

Kinachoniuma zaidi ni zile asubuhi. Unatoka kwenye sherehe ulikosimama karibu na spika, masikio yanavuma usiku mzima, ukiamka yametulia, unasema yamepona. Mwaka 2009 watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwa panya kwamba kipimo cha kawaida cha usikivu kinaweza kurudi palepale kilipokuwa huku viunganishi kati ya seli na mishipa ya fahamu vimepotea moja kwa moja. Binadamu si panya, najua. Hata hivyo, mlio ule siuiti tena uchovu wa masikio.

Siku hizi naweka muziki chini, na nina hedifoni zinazozuia kelele za nje, maana nilichokuwa nakitafuta hasa kilikuwa utulivu. Kwenye sherehe nasogea mbali na spika. Watu huniita nirudi mbele, nami nabaki nyuma.

Karakana sasa ni ya mdogo wangu. Wiki iliyopita nilimuuliza kama anavaa chochote masikioni. Alinijibu kwa neno lilelile la baba.

Leo nimempelekea vizibo vya sponji. Alivitia juu juu tu, na vikiwa hivyo havizuii kitu. Nikamwonyesha: kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba, peleka mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie kwa kidole mpaka kivimbe. Upande wa kwanza alisumbuka. Wa pili aliuweza mwenyewe.

Akawasha msumeno. Mimi nikaziba masikio kama zamani. Baba alikuwa ameketi mlangoni, palepale nilipokuwa nikisimama na chakula chake, mikono yake imetulia magotini.