Etha elfu kumi, Umoja

Shangazi alinikuta sebuleni kwake, mtaa wa Umoja, skrini ya laptopu imejaa tarakimu. Nilikuwa nimewasha nodi ya Hardhat, programu inayoigiza mtandao wa Ethereum kwenye kompyuta yako, na ikiwaka tu hukupa akaunti 20, kila moja ina etha 10,000, sarafu ya kidijitali ya mtandao huo. Akavaa miwani, akasoma, akaketi.

“Hizi ni za nani?”

“Za majaribio, shangazi. Hazinunui hata nyanya.”

Ilikuwa 2022. Ropsten na Rinkeby, mitandao ya majaribio ya Ethereum, ilikuwa mbioni kufungwa, na kuombaomba etha za bure za Goerli, mtandao mwingine wa majaribio, kulishanichosha: unangoja, unapewa kiduchu, kinaisha. Heri blokucheni nzima, yaani daftari lote la miamala, ikae kwangu. Kupakua programu ndiko kulikokula bando; baada ya hapo hata intaneti ya nini?

Mkataba erevu (programu inayojitekeleza kwenye blokucheni) niliokuwa nikiujaribu, kwa lugha ya Solidity, ulikuwa wa chama cha mzunguko, kama kile ambacho yeye ni mwekahazina. Nikamwonyesha utamu wenyewe: ukituma muamala, bloku, yaani fungu la miamala kwenye daftari, inatoka papo hapo, na mwisho wa mwezi hausubiriwi. Nikaandika evm_increaseTime, amri ya kusogeza saa mbele, sekunde 2,592,000, yaani siku 30, kisha evm_mine, ya kutoa bloku mpya. Zamu ikahamia kwa mwanachama wa pili. Shangazi akacheka hadi akavua miwani.

“Na asiyetoa?”

Tukamruka mmoja makusudi. Mkataba ukakataa katakata kumlipa mwenye zamu: mchango haujakamilika.

“Yaani wote tunalala njaa kwa sababu ya mmoja? Sisi humpiga faini, mwenye zamu anapewa kilichopo.”

Nilikuwa bado naandika hilo stima ikapotea. Betri ya laptopu ilishakufa zamani, ikawa giza kwa giza. Iliporudi, nodi ilianza bloku sifuri. Akaunti zilikuwa zilezile, kwa kuwa Hardhat huzitoa kwenye maneno yaleyale ya siri (siri inayojulikana na dunia nzima, usiweke pesa humo), lakini michango yote ilifutika: nodi ile huweka kila kitu kwenye kumbukumbu ya muda. MetaMask, pochi ya etha kwenye kivinjari, nayo ikagoma, bado inahesabu miamala ya jana yake, mpaka nikaifuta historia ya akaunti kwenye mipangilio.

“Kwa hivyo stima ikipotea, pesa za watu zimeenda?”

“Hizi za hapa tu, shangazi. Mtandao wenyewe una maelfu ya kompyuta, na kila moja ina nakala.”

“Hapo sawa. Basi malizia ile ya faini kabla ya Jumapili, tunakutana.”