Maji ya bombani kwangu nimeyakuta Uluguru

Wiki iliyopita nilipanda Milima ya Uluguru, upande wa mashariki. Asubuhi ile mvua haikunyesha, ukungu tu, lakini miti ilikuwa inadondosha maji. Nikaminya majani laini yaliyoota kwenye shina la mti mmoja mkubwa. Jamani, maji yalichuruzika mpaka kwenye kiwiko!

Upepo wa Bahari ya Hindi huja na mvuke, ukikutana na milima hii yenye zaidi ya mita 2,600 unapanda, unapoa, unakuwa mawingu na mvua. Udongo wa msitu unanyonya, kisha unaachia kidogo kidogo kwenye vijito hadi Mto Ruvu. Ndiyo maana mto una maji hata kiangazi. Sehemu kubwa ya maji ya Dar tunayatoa humo, yanayobaki huingia baharini karibu na Bagamoyo, na safari inaanza upya.

Kilichoniuma ni mteremko mmoja uliochomwa moto, mweusi tii. Mzee aliyeniongoza alinionyesha korongo kavu chini yake: "Hapa tulikuwa tunachota maji, mwanangu."

Leo nimekinga ndoo bombani, nikabaki naitazama inavyojaa.