Kwa Nini Kontena la Nne Halikupakiwa

Ukiwauliza wasimamizi wa maghala ya Shimanzi, Mombasa, kwa nini kundi la makuli halivuki kiasi fulani cha kazi kwa siku, wengi watakujibu kwa neno moja: uvivu. Mimi ni karani wa ghala la chai, na jibu hilo nimelisikia kwa waajiri wa kila namna. Naona halielezi chochote, kwa sababu watu hao hao, wakipata kazi ya malipo ya papo kwa papo Jumamosi mchana, kama vile kupakua lori la saruji, huimaliza kwa kasi ambayo ofisi yetu haijapata kuiona.

Makuli wetu hulipwa kwa kila kontena wanalolijaza, na fedha hizo hugawanywa sawa miongoni mwao. Kwa muda mrefu walijaza makontena matatu kwa siku, hata siku ambazo la tatu lilikamilika mapema alasiri na jua lingali juu. Ofisi ilipotangaza bonasi kwa kontena la nne, hakuna kilichobadilika. Kijana mmoja mgeni aliyejaribu kuharakisha alibandikwa jina la utani, akaachiwa peke yake magunia ya safu za juu, na haikuchukua muda akawa anatembea kwa mwendo wa wenzake. Nilipomuuliza nyapara, mzee wa makamo ya baba yangu, alinijibu kwa upole: «Mwanangu, chai ni ile ile iliyouzwa mnadani. Tukiimaliza leo, kesho tutapakia nini?»

Hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya ofisi. Idadi ya makontena kwa juma huamuliwa na mnada wa chai na ratiba za meli, wala haiamuliwi na mikono ya makuli. Kwa hiyo kontena la nne la leo ni pengo la kesho, na yakizoeleka manne, kuna siku mtu wa ofisini atagundua kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa na watu wachache zaidi.

Jambo hili lilichunguzwa zamani, mbali sana na hapa, katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago. Kuanzia Novemba 1931 hadi Mei 1932, watafiti waliwaangalia wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu na kulipwa kwa kazi ya kundi zima. Kwa mantiki ya kampuni, kila mmoja angewahimiza wenzake wazalishe zaidi. Badala yake walikuwa na kipimo chao wenyewe cha kazi ya siku, mitambo miwili kwa kila muunganishaji, na aliyekivuka alipigwa ngumi ya mkono, karibu na bega, huku aliyezembea mno na aliyepeleka habari kwa wakubwa nao wakidharauliwa. Watafiti waliona kwamba wafanyakazi hao waliongozwa na hisia zaidi ya hesabu. Hapo ndipo ninapotofautiana nao, kwani uchunguzi wenyewe ulikoma kwa sababu mdororo wa uchumi ulikuwa umekausha kazi kiwandani. Hofu yao haikuwa ya kuota.

(Ajabu ni kwamba kozi nyingi za uongozi hukisifu kiwanda hicho kwa kisa kingine, kile cha taa, kwamba uzalishaji ulipanda mwanga ulipoongezwa na ulipopunguzwa pia. Mwaka 2011 wanauchumi Steven Levitt na John List waliichambua upya data ya majaribio hayo, wakaona kwamba maajabu yanayosimuliwa hayamo.)

Maelezo kamili ya utafiti wa Hawthorne yalichapishwa mwaka 1939, mwaka ule ule ambao makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa, na wakubwa wa kikoloni waliwalalamikia kwamba hufanya kazi siku wanazotaka tu. Lakini mwajiri aliyekuajiri kwa siku moja hajakuahidi ya pili, na ni vigumu kuona kwa misingi gani angekudai uaminifu wa mwezi mzima. Ulihitajika mgomo mkuu wa Januari 1947, uliosimamisha shughuli za mji kwa zaidi ya siku kumi, pamoja na misukosuko iliyofuata, ndipo ajira ya bandarini ikaanza kusogezwa kwenye utaratibu wa kudumu zaidi.

Ghalani kwetu badiliko lilikuja kwa msimamizi mpya, mama mmoja aliyekulia Kisauni, ambaye hakuigusa bonasi wala hakuongeza wa kuchunga. Alichofanya ni kuandika mkataba wa mwaka mmoja wenye mambo mawili: kundi halitapunguzwa, na kila mtu atalipwa angalau siku kadhaa kila mwezi hata chai ikiadimika. Baada ya majuma machache kontena la nne lilianza kuonekana siku za meli, pasipo mtu kuliagiza. Wafanyakazi bado hawataji ofisini jina la mwenzao aliyechelewa, na msimamizi hawaulizi. Mkataba huo unakwisha Juni. Ofisi haijasema lolote kuhusu kuuhuisha, na tangu mwezi uliopita, hata meli zikiwa bandarini, tumerudi kwenye makontena matatu.